Nati za Ndani

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, niliianza na furaha ya kijinga. Nilivaa kanzu mpya, nikajipaka manukato, nikaondoka nyumbani kwenda kuposa kijijini Masaki. Sasa leo umekuja kuazima jeki, nami nikatazama nje nikaona matairi ya gari lako yamechomoza nje ya bodi, moyo ukanipasuka. Kaa kwanza. Jeki haina miguu, haitakimbia.

Wakati huo nilikuwa naishi Kisarawe mjini. Baba alikuwa ameniachia Landrova, kuukuu lakini yenye nguvu, nami nikaifunga matairi mapana ya kupita kwenye tope la mashambani. Nikikata kona, yanagusa springi. Nikaenda kwa Mzee Pazi, fundi wa kukereza vyuma, akanitengenezea spesa nne. Wewe zako umezinunua dukani zinang'aa, lakini kazi yake ni ileile. Ni duara nene la chuma linalofungwa kwenye habu, pale katikati gurudumu linaposhikwa, kwa nati zake, kisha tairi linafungwa juu yake kwa nati nyingine. Tairi likishakaa, nati za ndani huzioni tena.

Mzee Pazi alikuwa mtu wa maneno machache. Alipomaliza kufunga alijifuta mikono, akasema, "Athumani, chuma kipya lazima kikae, na kikikaa nati hulegea. Zunguka hapahapa mjini leo. Kesho asubuhi urudi, tuvue matairi tukaze za ndani. Usiende nayo mbali kabla sijaigusa."

Nikamwitikia, "Nimekuelewa, mzee." Kuelewa nilielewa, mwanangu, nisikudanganye. Ila kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya posa, na Landrova ilikuwa imetanua miguu kama dume la ng'ombe. Nilitaka wakwe waione vile. Ujana una ugonjwa wake, na huo wangu ulikuwa wa kutaka kutazamwa.

Nikaondoka na Mjomba Salehe, ndugu wa mama, ndiye aliyekuwa mshenga wangu. Hatujafika mbali akasema, "Mpwa wangu, huku nyuma kunagonga." Nikasimama, nikashuka na spana, nikapita tairi moja baada ya jingine. Nati zote zimekaza, haichezi hata moja. Nikarudi kwenye usukani nikimcheka kwamba uzee umemwingia masikioni. Nilikuwa nimekagua zile ninazoziona.

Kwenye mteremko karibu na Masaki gari liliinama upande mmoja. Kabla sijajua kulikoni, niliona tairi langu la nyuma linatupita, linashuka peke yake mbele yetu. Nilipiga honi. Mpaka leo sijui nilimpigia nani, maana tairi halisikii honi.

Kando ya barabara alikuwa anapita mwanamke, amejitwika muhogo. Aliitwa Chausiku, mke wa Mwinyimvua, mama wa watoto wawili. Aligeuka kutazama honi. Tairi likamkuta kifuani. Tulipomfikia alikuwa bado anapumua, na mkono wake mmoja unapapasa mchanga kama anayeokota muhogo wake. Hakufika hospitali.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika kitu, mwanangu. Niliyemvunja alikuwa mtoto wa watu aliyekuwa anarudi kwake kupika.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hata wanangu wa kuwazaa sijawahi kuwaambia. Tukiwa palepale, watu wanajaa, mjomba alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Sema chuma kilikatika. Sema fundi kafanya kazi mbovu." Stadi za kwenye habu, yaani zile skrubu zinazoshika nati, zilikuwa kweli zimekatika, kila mtu anaziona. Nikasema hivyo. Nikawaambia polisi hivyo, na siku ya tatu nikaenda matangani nikamwambia Mwinyimvua hivyohivyo, watoto wake wamekaa ubavuni mwake. Aliinamisha kichwa tu.

Posa ikafa yenyewe, hakuna aliyeitaja tena. Lakini maneno yangu hayakufa. Yalitembea kutoka Masaki mpaka Kisarawe, kwamba Mzee Pazi anauza vifo. Waliokuwa wakimpelekea mashine zao za kukoboa na majembe yao ya trekta wakaacha. Mlango wa karakana yake ukawa unafunguliwa asubuhi na hakuna anayeingia.

Siku moja alikuja kwangu kwa miguu. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia marahaba. Alikwenda moja kwa moja kwenye Landrova, iliyokuwa imelala uani tangu ivutwe kutoka Masaki. Akainyanyua upande ule mwingine kwa jeki, akavua tairi ambalo halikuwa limetoka. Spesa ikabaki kwenye habu, nzima, haina hata ufa. Akaishika nati ya ndani kwa vidole viwili na kuizungusha. Ikazunguka. Akashika ya pili, nayo ikazunguka.

"Chuma changu hakikukatika," alisema. "Stadi zimekatwa na nati zilizolegea. Nilikwambia urudi."

Aliiacha spana yangu juu ya tairi, akaondoka. Ungefikiri siku hiyohiyo nilikwenda Masaki kusema kweli. Sikwenda. Niliona haya, nikajipa kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine. Mzee Pazi akafa akiwa fundi asiye na kazi. Nilimzika kwa mikono hii, nikiwa nimesimama mstari wa mbele kama mtu mwema.

Baada ya hapo ndipo nilipopata miguu ya kwenda kwa Mwinyimvua. Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Huyo mzee, ulimwomba radhi?"

Nikasema, "Amekwishafariki."

Akasema, "Langu nimekusamehe. La kwake sina mamlaka nalo." Kisha akaingia ndani. Mwezi huohuo nilihama Kisarawe, nikaja hapa Misugusugu, na ndiyo maana hujawahi kusikia nikisimulia habari za kule.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekua na kunizidi kimo. Kwa hiyo jeki ile pale nyuma ya mlango, lakini sikuazimi mpaka uniahidi. Umeniambia kesho unapeleka vibarua Kwala. Usiende kabla hujavua matairi yote manne na kukaza za ndani, na ukifika uvue tena ukaze. Wakikucheka, wacheke. Ukiambiwa na anayejua, fuata hata kama una harusi. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo, wakati uliyemkosea bado ana masikio.

Mungu akupeleke salama na akurudishe salama. Na kila mtu utakayepishana naye barabarani, mwenye mzigo kichwani na mwenye mtoto mgongoni, Mungu amfikishe kwake akapike. Haya, chukua jeki. Nakuja nyuma yako na spana. Nataka kuzigusa mwenyewe.