Mama Emilienne Achagua Gari la Kigoma

Jambo la kwanza unaloliona kwa Mama Emilienne ni kwamba anakusalimia kwa mdomo huku macho yake yako chini, kwenye magurudumu. Mdomo unasema, "Jambo, baba, mumeamuka?" na macho yanapima tairi la pikipiki iliyokuleta. Ni mazoea ya kazi. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akiuza chai na mikate ya kukaanga kwenye kituo cha pikipiki cha Kasongo, mashariki mwa Kongo, na wasafiri wengi wa Kabambare na Salamabila hawapandi kabla ya kumuuliza.

"Mama, leo nipande na nani?" aliuliza juzi mwanamke mmoja mjamzito.

"Panda na Ismaël. Ule mwingine amekutajia bei mbele ya kukuuliza tumbo iko na miezi ngapi."

"Mama Emilienne, unatuharibia soko!" akalalamika yule mwingine.

"Kunywa chai, mutoto wangu. Kesho utauliza."

Hivyo ndivyo anavyochagua. Dereva mwema, kwake, huuliza kwanza: mzigo una uzito gani, nani anaumwa, mto mliouvuka jana ulikuwa umejaa kiasi gani.

Mwaka huu ilimbidi achague gari asiloweza kuligusa. Binti yake Estelle ameolewa Kasulu, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania, na amejifungua mtoto wa kike. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, na Estelle anataka mama yake ndiye atakayembeba mtoto kanisani. Harusi yenyewe Mama Emilienne aliikosa. Gari walilokodi kwa mtu waliyemkuta tu bandarini Kigoma liliwafia njiani. Walipofika, watu walikuwa wakikunja viti. Hakulia siku ile, lakini picha za harusi hajapata kuzitazama hadi mwisho.

Basi la abiria nalo haliwezekani, kwa kuwa mumewe, Papa André, ana mguu uliovunjika zamani na haukunjiki tena. Kwa hiyo kijana wao Nathanaël, dereva wa lori la Salamabila, akaanza kutafuta kampuni za kukodisha magari za Kigoma kwa simu.

Kampuni ya kwanza ilijibu upesi. Karani wake, Zuberi, alituma picha za gari jeupe linalong'aa na kuahidi kila kitu. Nathanaël alifurahi, akampa mama yake simu.

"Shikamoo, mama," alisema Zuberi.

"Marahaba, mwanangu. Tairi ya akiba iko?"

"Mama, gari ni jipya. Halipati pancha."

"Na ikisimama njiani, tunaita nani?"

"Halitasimama. Tumeni nusu ya pesa leo, mkataba mtausoma mkifika."

Mama Emilienne alimrudishia Nathanaël simu. Siku nzima hakutaka kusikia habari za gari jeupe.

Kampuni ya pili ilijibu kesho yake saa nne. Karani alikuwa mwanamke, Mwamvita, na alianza yeye kuuliza: wako wangapi, nani ana shida ya kiafya, nani ataendesha.

"Mimi," alisema Nathanaël kwa majivuno. "Miaka tisa kwenye lori."

"Hongera, kaka. Umeshawahi kuendesha upande wa kushoto wa barabara, kama tunavyoendesha huku Tanzania?"

"Dada, barabara yetu ya Kabambare haina kushoto wala kulia. Tunapita pale penye kukauka."

Mwamvita alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Basi gari sikupi peke yako. Siku ya kwanza utakaa pembeni ya dereva wetu. Akiridhika, siku ya pili utashika usukani."

Nathanaël alikata simu. "Ananidharau! Mimi niliyevusha lori kwenye daraja la miti mbili!"

"Mupigie tena," alisema Mama Emilienne.

"Mama, amekataa kunipa gari peke yangu!"

"Ndiyo. Mupigie."

Papa André, aliyekuwa ameunyoosha mguu wake juu ya kigoda, alicheka. "Nathanaël, mama yako amekwisha kuchagua. Wewe piga tu."

Mwamvita alituma mkataba mzima siku hiyohiyo, wenye namba ya gari, karatasi ya bima na jina la fundi wa kumwita gari likikwama. Alituma pia picha za mikwaruzo yote, hata ule mdogo ulio chini ya taa, na picha ya tairi la akiba. Mama Emilienne alizitazama moja moja, akizikuza kwa vidole viwili. Alipofika kwenye ile ya tairi la akiba aliitazama muda mrefu kuliko picha yoyote ya harusi, akatikisa kichwa kukubali.

Wanaondoka Jumanne. Galoni la mawese limefungwa, mchele umepepetwa, na kitenge atakachombebea mtoto kimepigwa pasi mara mbili. Nathanaël anafanya mazoezi ya kukaa upande wa kulia wa benchi la chai, kama dereva wa Tanzania, mikono hewani, mbele ya wapanda pikipiki wanaomzomea. Jana Estelle alipiga simu: padri amekubali kuanza saa tatu, na mtoto ataitwa Emilienne.

"Waambie wasikunje kiti hata kimoja," alijibu mama yake. "Safari hii tunakuja."