Mwanafunzi wangu aliripoti tundu kwenye portal ya chuo, chuo kikamsamehe

Wakuu, salamu kutoka Arusha. Huku mlima umejifunika mawingu wiki nzima na mimi nimejifunika hasira, nimeona bora niandike kuliko kuendelea kugombana na watu nyumbani.

Majina nimebadilisha na chuo sitakitaja, msinifuate PM kuuliza. Mengine yote ni kama yalivyotokea, sina sababu ya kuongeza chumvi kwenye kidonda changu mwenyewe.

Mimi nafundisha network na usalama wa data kwenye chuo kimoja cha kati, upande wa Elerai. Cheti na diploma. Lab tunayo, router tunazo, moja inafanya kazi na nyingine ni ya kuonyesha wageni.

Somo la hacking lina raha yake. Ukiliandika hilo neno ubaoni, hata wale wa nyuma wanaoamkaga saa ya chai wanakaa wima. Wote wanataka kujua namna ya kufungua WhatsApp za wapenzi wao.

Mimi huwa nawakata mapema. Nawaambia hapa tunasomea ufundi wa kufuli, hatusomei ukibaka. Ukikuta mlango wa mtu uko wazi usiingie, bisha hodi umwambie mwenye nyumba. Hili nimewakaririsha kama watoto wa kipaimara wanavyokaririshwa katekisimu.

Sasa kulikuwa na binti, tumwite Kunda. Anatoka Akheri huko Meru, baba yake ni mkulima wa kahawa na migomba. Kwao ndiye wa kwanza kufika chuo, na kanisani kwao wanamwombea kwa jina. Mtoto mkimya, lakini akiuliza swali inabidi mwalimu ukae kwanza.

Siku moja baada ya kipindi akabaki.

"Sir, portal ya matokeo ina kitu. Naomba nikuonyeshe."

Alikuwa anafungua matokeo yake. Kule juu kwenye anwani ya ukurasa unaandika namba yako ya usajili. Akakosea tarakimu moja, ukafunguka ukurasa wa mwenzake. Matokeo, simu ya mzazi, mpaka maelezo ya afya aliyoyatoa siku ya kujiunga. Password haikuulizwa popote.

Kwa wasio wa fani: ni sawa na kwenda hospitali, ukataja namba ya jirani yako, ukapewa faili lake lote bila mtu kukuuliza wewe ni nani.

Nikamuuliza amefungua kurasa ngapi. Akasema ni huo mmoja tu, akaufunga, akaja kwangu. "Si ulisema tubishe hodi?"

Wakuu, niliona fahari, sitaki kudanganya. Unafundisha wee, halafu siku moja unaona somo limemea kwenye kichwa cha mtu. Nikamwambia twende wote kwa mkuu wa chuo, tena tukatembea kwa amani kabisa.

Mkuu alisikiliza sentensi mbili. Ya tatu akaidaka.

"Kwa hiyo wewe binti umeingia kwenye mfumo wa chuo?"

Nikaanza kueleza. Akaitwa afisa wa ICT, ambaye portal yenyewe ilitengenezwa na shemeji yake. Badala ya kuangalia tundu, akaanza kumwangalia binti. Akasema, "Mkuu, hii ndiyo inaitwa hacking." Na mimi ninayeifundisha hiyo hacking nimekaa hapo hapo kama gogo, hakuna anayeniuliza kitu.

Kunda akasimamishwa masomo siku hiyo hiyo, asubiri kamati ya nidhamu. Kwenye korido adhabu iliyokuwa inatajwa ni kufukuzwa. Mimi nikaambiwa nifute neno hacking kwenye andalio la somo, niandike "matumizi salama ya kompyuta".

Sikukaa kimya. Nilichora mchoro mkubwa unaoonyesha tundu lilipo, nikaandaa maelezo ambayo hata bibi yangu Machame angeelewa. Nilikuwa na uhakika wajumbe wakishaona watamwomba radhi yule mtoto. Hesabu yangu ilikuwa nzuri, ila baba yake sikumweka.

Siku ya kamati Baba Kunda akashuka kutoka Akheri amevaa koti la kanisani. Mkononi ameshika jani la isale.

Watu wa Kaskazini mshaelewa. Kwa wengine: isale ni mmea tunaopanda mipakani mwa mashamba, kwetu Wachaga na kwa jirani zetu Wameru. Ukimkosea mtu kosa zito unampelekea jani lake. Akilipokea, amekusamehe na mambo yameisha. Kulikataa ni kujitafutia balaa, hakuna mtu mzima anayethubutu.

Lakini jani hilo hulibebi kama hujakosa. Kulibeba ndiyo kukiri kwenyewe.

Nikamkimbilia mlangoni. "Shikamoo baba. Hilo jani rudisha kwenye koti, Kunda hana kosa."

Akanitazama kwa huruma. "Marahaba mwalimu. Mtoto akigongana na wakubwa, sisi hatuulizi nani ana kosa. Mimi nataka asome."

"Baba, ukiingia nalo umekubali kwamba mtoto ni mwizi."

"Nakubali asome," akasema.

Kunda akamwambia kitu kwa Kimeru, haraka haraka, machozi yanamlenga. Baba yake akaingia.

Mkuu wa chuo naye ni mtu wa Kilimanjaro. Alipoliona lile jani uso ukamfunguka, akasimama, akalipokea kwa mikono miwili. Akawageukia wajumbe. "Mzazi ameonyesha utu uzima. Sisi ni akina nani tukatae?"

Nilinyoosha mkono na mchoro wangu umekunjwa kwapani. Akanijibu kwa upole kabisa, na ule upole ndio umenichoma kuliko kelele zote. "Mwalimu, mambo yameisha. Usifukue."

Sharti likawa moja: Kunda aombe radhi mbele ya chuo kizima kwenye paredi ya Jumatatu, iwe fundisho kwa wengine.

Nilimfuata nikamwambia anaweza kukataa, nitasimama naye mpaka mwisho, hata kama ni kwenda juu zaidi.

Akaniambia: "Sir, nikikataa, baba atakuwa amepeleka isale ya uongo. Wewe utarudi kwako Njiro. Yeye ataishije kule kwetu?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Jumatatu akasimama mbele. "Naomba radhi kwa kuingia kwenye mfumo wa chuo bila ruhusa." Sauti haikutetemeka hata kidogo. Wenzake wakapiga makofi kama walivyoamriwa. Baba yake alikuwa pembeni, kofia mkononi, anatabasamu na kumshukuru kila mwalimu aliyepita. Akanishukuru na mimi. Sijawahi kumkasirikia mtu na kumhurumia kwa wakati mmoja namna ile.

Mtauliza tundu je. Portal imebadilishwa rangi, ilikuwa bluu sasa ni kijani. Basi. Afisa wa ICT aliniambia huku anacheka kwamba wakirekebisha itaonekana kulikuwa na tatizo, na tatizo lilishaombewa radhi.

Kunda yuko darasani. Anakuja mapema, anaandika notes, anafaulu. Maswali hana tena.

Wiki iliyopita niliwapa zoezi la vitendo, mtandao wa mfano wenye kosa nililoliweka makusudi walitafute. Nikapita meza kwa meza. Kwenye skrini ya Kunda lile kosa lilikuwa wazi, alishalifikia kabla ya wenzake wote. Kwenye nafasi ya jibu alikuwa ameandika: "Hakuna tatizo."

Nikainama nikamuuliza taratibu, "Kunda, kweli hujaliona?"

"Nimeliona, Sir."

Akafunga skrini, akasubiri kipindi kiishe.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba usalama wa data tunaufundisha nusu. Tunawapa vijana ujuzi wa kuona, halafu tunawarudisha kwenye ofisi ambazo anayeona ndiye mkosaji. Ukweli nimechoka, na kipindi kingine ninacho kesho asubuhi.

Mwakani nitapata Kunda mwingine, wapo kila mwaka. Wanasheria, watu wa IT, wazazi mliomo humu, niambieni nimfundishe nini huyo. Na nyie wa "si angenyamaza tu", karibuni pia, maana nimeanza kuwaelewa na ndicho kinachonitisha.