Barabara za Chai Huishia Kwenye Mzani

Nakumbuka kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba mtu akiendesha baiskeli katikati ya mashamba ya chai hawezi kuchoka. Usicheke, mwanangu. Kinyozi mmoja pale Kaplong ndiye aliyetufundisha. Alisema majani ya chai hupumua chai, na kwamba ukivuta hewa kwa nguvu kutoka mlima mmoja hadi mwingine, umekunywa birika mbili nzima, ila tu haina sukari.

"Kwani hamjaona wachumaji wakichuma kutwa na jioni bado wanaimba?" alituuliza, mkasi umesimama hewani.

Nani angebisha? Nusu ya kichwa changu ilikuwa bado haijanyolewa.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kupanda kwa baiskeli hadi Londiani, na mnabishana mpite njia gani. Kila mmoja anataka ile yenye picha nzuri. Hata mimi nilitaka ile yenye picha nzuri, na ilibaki kidogo tu inikoseshe mke.

Siku hiyo ilikuwa ya posa yangu. Baba, mama na mjomba walitangulia Boito kwa gari, nyumbani kwa kina Chepkoech. Mimi nikasema nitafuata kwa baiskeli, maana ilikuwa mpya, inang'aa mpaka ng'ombe wa Sotik yote walikuwa wakifumba macho nikipita. Mama akaniachia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, aliyoyatayarisha kwa mikono yake. Aliogopa kingebanwa kwenye gari na kupasuka. Mazungumzo yangefunguliwa kwa mursik hiyo.

"Fika kabla ya saa sita," baba aliniambia. "Saa sita yule mwalimu mwenye pikipiki naye anakuja kuposa na wazee wake. Pita barabara kubwa."

Nikaitikia. Mama alikuwa amenifungia viazi vitamu, nikaviacha mezani. Vya nini, na milima yote ile ya chai inanisubiri kwa mapafu? Nilipofika njia panda, barabara kubwa ilikuwa imejaa vumbi na malori. Upande wa pili kulikuwa na barabara ya shamba, nyekundu, safi, inateremka katikati ya kijani kilichonyooshwa kama kitanda cha bibi harusi. Nikaona heri nichelewe kidogo nikiwa mahali pazuri. Hapo ndipo nilipokosea, lakini, jamani, palikuwa pazuri!

Nikateremka nikipumua kama mvukuto wa mhunzi. Nikapanda nikipumua. Mlima mmoja ulikuwa mrefu hivi kwamba nilipita mawingu mawili na la tatu likanisalimia. Mwisho wa kupanda nikakuta kibanda cha mzani, pale wachumaji wanapoleta majani yapimwe. Nikawapungia mkono, wakanipungia. Nikaendelea. Nikapinda kushoto, nikateremka, nikapanda tena, nikakuta kibanda cha mzani. Nikafikiri ni kingine. Watu wake walifanana na wale wa kwanza kwa kiasi cha kushangaza, ila hawa walikuwa wanacheka.

Mara ya tatu nilifika hapo nikisukuma baiskeli, macho yanaona nyota mchana. Jua lilikuwa limepanda vibaya. Kibuyu kimening'inia begani, na kila jiwe nililokanyaga nilisikia mursik ikigugumia kama mzee anayetaka kulalamika. Mama mmoja mchumaji, mtu wa kutoka upande wa ziwa waliyemwita Mama Atieno, akatua kikapu chake akanisimamisha.

"Kijana, unatafuta kazi ama unatafuta mke?"

"Mke," nikasema, maana ndio ulikuwa ukweli.

"Sasa mbona unauzunguka mzani? Huu tumeshauoa sisi!"

Kicheko kilichotoka hapo nadhani kilisikika Kericho mjini. Nikamweleza kuhusu Boito, saa sita na mwalimu wa pikipiki. Akaacha kucheka. Akanionyesha kwa kidole: "Hizi barabara zote zimechimbwa za trekta. Trekta inafuata majani, majani yanakuja kwa mzani. Haziendi kwa mtu. Ona pale, ile njia nyembamba ya watoto wa shule na mama wa kuni. Hiyo ndiyo inatoka nje. Mbaya, lakini inatoka."

Nilifika Boito kama nimefukuliwa shambani. Pikipiki ya mwalimu ilikuwa tayari langoni, wazee wake wanapangusa viatu. Mjomba alininyang'anya kibuyu bila salamu. Kizibo kilikuwa kimeshika. Mama yake Chepkoech akaonja, akanitazama matope toka kisigino hadi sikio, akamwambia mumewe, "Huyu amekuja kwa taabu. Wale wengine wangojee." Chepkoech ndiye aliyeniletea uji sasa hivi nikikuandikia.

Kwa hivyo sikiliza, mwanangu. Ukichagua njia, usiulize kwanza kama ni nzuri. Uliza ilichimbwa kwa ajili ya nani. Hiyo simu yako itakuonyesha kila barabara ya trekta kama inaenda mbinguni. Uliza anayetembea hapo kila siku. Ukipita msitu wa Londiani, jua malori ya magogo yanashuka saa ngapi, na uwe umefika kabla ya mvua ya alasiri, kwa sababu mvua ya huku haijui kuchelewa. Nimejifunza kusoma ramani kwenye gumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na mvi, na nakwambia: mistari ya mwinuko ikikaribiana, hapo utasukuma baiskeli, usijidanganye. Ukishajua hayo yote, basi chagua ile nzuri, na uitazame mpaka macho yashibe. Mungu akupe breki zinazoshika na marafiki wanaongoja kwenye mlima, akurudishe nyumbani ukiwa na hadithi na meno yako yote.

Na ubebe viazi. Siku ile, kabla sijaondoka pale mzanini, nilimuuliza Mama Atieno mbona nimechoka hivi na nimepumua chai tangu asubuhi. Alifungua chupa yake, akanijazia kikombe.

"Mwanangu, hewa ni hewa tu. Chai iko hapa kwa kikombe. Wewe uko na njaa."