Mtawa Aliyesimama Nje ya Mlango

Niliondoka mtaa wa Lozells, huku ughaibuni, Jumanne asubuhi nikiwa na begi moja, koti la mvua na kitabu kisicho na jalada. Sikujua ninakwenda wapi. Nilipanda basi la kwanza lililosimama, nikakaa ghorofani, kiti cha mbele kabisa. Ukishafukuzwa, angalau uone unakopelekwa.

Kitabu ndicho kilichonifukuzisha. Nilikipata mtaa wa jirani, Perry Barr, kwenye duka la vitu vya mitumba. Kurasa za mwanzo zimechanika, kwa hiyo jina la mtawa anayesimuliwa humo silijui hadi leo. Aliishi karne nyingi zilizopita katika nyumba ya watawa yenye baridi kali. Hakuwa na masomo, kama mimi niliyeacha shule darasa la sita. Kila alfajiri wenzake walipoimba zaburi, yeye alikaa mbele ya msalaba midomo imefungwa. Alisema Mungu humjia kifuani kama joto la mkate. Mkuu wao akamwamuru aimbe au atoke. Akatoka. Msimu mzima wa baridi alisimama nje ya mlango wa kanisa, theluji mabegani, akinyamaza huko huko. Hakuomba radhi.

Mimi si Mkatoliki. Lakini nimezunguka miji mingi, nimeosha vyombo, nimefunga maboksi, na kila kitu nikikisoma nataka kukijaribu.

Nilikuwa nikikaa kwa binamu yangu, muuguzi kutoka kwetu Kenya, mtu mwenye huruma. Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajaenda kazini, tulisali yeye, mumewe na mimi, wote kwa sauti, wote kwa pamoja, kama kanisani kwetu. Nikaanza kunyamaza. Wiki ya kwanza walidhani koo linaniuma. Wiki ya pili binamu alikatiza maombi.

"Kwani wewe umenyamazia nani?"

"Mungu."

"Mungu hanyamaziwi. Mungu anaitwa. Ama sisi tunapiga kelele?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Ni hicho kitabu. Nimekiona chini ya godoro. Pasta anasema hiyo ni roho ya ububu."

"Bubu, huyu?" mumewe akauliza. "Juzi alimweka fundi wa bomba saa mbili nzima na maswali."

Binamu hakucheka. "Kesho utaomba kwa sauti, ama utafute pa kulala."

Kesho yake nilipiga magoti pamoja nao. Amina moja tu ingetosha, ningebaki na kitanda. Sikuitoa. Binamu alinifungia chapati mbili kwenye foili, macho yamemjaa machozi, kisha akanifungulia mlango mwenyewe.

Basi liliishia mjini. Nilipanda jingine, nikashuka mtaa wa Tyseley kwa sababu niliona karakana wanakoosha treni, na nilikuwa sijawahi kuona treni ikioshwa. Niliitazama kupitia uzio hadi mvua ikanikimbizia dukani. Kwenye kioo cha duka palikuwa na karatasi ya Kiswahili: chumba kipo, kwa mwanamke. Mwenye duka, mama mmoja wa Kongo, ndiye aliyekuwa na chumba hicho, juu ya duka lake. Alipouliza nimetoka wapi, nilimweleza yote, mtawa na theluji yake.

"Uko Mukatolika?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Basi uko nani?"

"Mtu wa kunyamaza."

"Weye? Tangu umeingia haujafunga kinywa."

Nilimwambia ni alfajiri tu, na kwamba kama hilo litamsumbua aseme sasa, maana siliachi.

Akachukua funguo. "Mie nasali rozari yangu kwa sauti ya nguvu, chini huku. Na treni zinaamka mbele ya jua. Kama unaweza kunyamaza katikati ya yote hiyo, nyamaza, mwanangu."

Chumba kilikuwa chembamba, dirisha linatazama reli. Nilitundika koti. Kitabu nilikiweka dirishani, mahali ambapo yeyote akifungua mlango atakiona kwanza.