Hodi ya Mudrik

Salhiya Wakil alikuwa na sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Kwao, kijijini Uroa, sauti hiyo ilisifiwa: mtoto wa kike mpole, hata hasikiki. Chuoni, kwenye masomo ya sanaa za maonyesho, ndiyo iliyomwangusha. Mtihani wa jukwaani aliufeli kwa sababu waliokaa nyuma hawakusikia hata jina la mhusika wake. Sasa alikuwa akiurudia, na akianguka tena, chuo ndiyo basi.

Mwalimu Mbarouk, aliyewafundisha uigizaji, alimlaza chali sakafuni, akamwekea kamusi tumboni na kumwambia avute pumzi mpaka ipande. Kamusi ilipanda. Sauti ilibaki palepale.

"Kila neno unalisema kama unaomba radhi," mwalimu alimwambia. "Nani kakwambia umekosa?"

Jioni alifanya mazoezi kwa shangazi yake, Bi Nassra, aliyekaa fleti za Michenzani. Alifunga madirisha kwanza, kwa kuwaonea haya majirani. Katika mchezo wa mtihani alikuwa Mwanakheir, mwanamke ambaye mumewe alikwenda Maskati akanyamaza miaka, kisha siku moja akarudi na sanduku lake. Bi Nassra alimsikiliza huku akikuna nazi.

"Mwanangu," alisema, "mume huyo unamfukuza au unambembeleza alale?"

Siku ya mtihani ilifika. Mchezo ulifanyika baada ya Alasiri, katika ua wa jumba moja kongwe la Mji Mkongwe. Watahini walikaa kwa makusudi kwenye mabenchi ya nyuma kabisa. Bi Nassra na jirani zake wa Michenzani walikaa mikekani mbele yao, wamevaa kama wanaokwenda harusini.

Salhiya alikuwa jukwaani kwenye mkeka, anapepeta mchele. Alisema maneno yake ya mwanzo.

"Sauti!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Akasema tena. Haikufika. Alimwona Bi Nassra anatazama chini, akajua kwamba mambo yanakwenda kama mara ya kwanza. Tumaini lake lilikuwa moja: mume apige hodi nje, naye aitambue sauti, aangushe ungo. Maneno yake yote yaliyobaki yalianzia kwenye hodi hiyo.

Mudrik, mwanafunzi mwenzake aliyeigiza mume, akaingia. Hakupiga hodi. Woga ulimsahaulisha, akapita moja kwa moja mpaka katikati, akatua sanduku na kukanyaga mkeka kwa viatu. Hapo ndipo alipokumbuka. Akageuka kuutazama mlango.

Minong'ono ikaanza kwa wanawake.

"Ala! Kaingia bila hodi?"

"Na mwenyewe yumo peke yake!"

"Mtoe huyo!"

Salhiya alitafuta maneno ya kwenye mchezo, asiyapate. Alichokiona ni mwanamme aliyesimama nyumbani kwa mwanamke, na viatu vyake juu ya mkeka wa mchele. Kitu kikampanda kutoka palepale ilipokuwa ikilala kamusi.

"We! Toka nje! Miaka yote hujaleta hata salamu, leo unaniingilia ndani kama unaingia sokoni? Toka, upige hodi kama watu!"

Mpita njia uchochoroni alisimama, akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Mudrik alibeba sanduku lake akatoka, kwa aibu ambayo hakuhitaji kuiigiza. Ua mzima ukapiga makofi.

"Hodi," ikasikika kutoka nje.

Salhiya akaendelea kupepeta mchele.

"Hodi."

"Usimwitikie!" alisema mwanamke mmoja.

"Mwitikie, maskini, katoka safari," akasema mwengine.

"Hodi," mara ya tatu, na hapo watu wote wakanyamaza, maana asiyeitikiwa ya tatu hugeuka akenda zake. Salhiya aliuacha ukimya ukomae. Kisha akaweka ungo chini.

"Karibu," alisema, polepole, kwa sauti yake ya siku zote. Nyuma kabisa waliisikia.

Mchezo ulipokwisha, Mwalimu Mbarouk aliwafuata nyuma ya pazia. Salhiya alisimama.

"Umepita," mwalimu akasema. "Watahini hawakubishana hata kidogo. Na kesho, tutakapoucheza mbele ya watu wa mjini, hodi tuiache vivyo hivyo."

Salhiya akakaa kitako sakafuni. Alitaka kushukuru, akacheka; alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kifua kikawa chepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Mudrik akachutama mbele yake.

"Wallahi nlisahau, Salhiya. Nisamehe. Lakini kesho utanisimamisha nje mpaka lini?"

"Mpaka nitakapotaka," alisema, na jirani zake Bi Nassra, waliokuwa bado uani wanavaa viatu, wakaangua kicheko.