Mama Mkwe Avamia Jukwaa la Gesi

Tangu arudi kutoka semina ya usalama wa baharini, wenzake walimwita Kifungu. Alikuwa mlinzi wa jukwaa la gesi, lile dude la chuma lililosimama katikati ya maji, na kazi yake hasa ilikuwa kutazama bahari isiyo na mtu. Lakini sheria alikuwa ameimeza nzima nzima. Ukimpa salamu tu, anakujibu kwamba kuteka meli au jukwaa kwa nguvu au kwa vitisho ni kosa kubwa mno.

"Na anayeteka usingizi wetu je?" mpishi wa jukwaa humtania.

Miaka ikapita, hakuja jambazi hata wa kusingiziwa. Akaja mama mkwe wake.

Alikuja asubuhi kweupe kwa boti ya kukodi, kisu cha kumenyea mananasi kikiwa kiunoni, maana aliiacha meza yake sokoni bila hata kuvua aproni. Boti ikavuka maboya ya mpaka. Kifungu akashika kipaza sauti.

"Boti hiyo, rudi! Eneo hili limekatazwa!"

"Shuka!" mama akapiga kelele. Maneno mengine yalichukuliwa na upepo. "Usiposhuka, napanda nikushushe mwenyewe!"

Kifungu alimtambua. Mkwe ni mkwe. Akajikaza, akajiambia sheria haijui ukwe, akabonyeza king'ora. Mitambo ikazimwa, watu wakakimbilia maboti ya kuokolea, mpishi na sufuria yake mkononi. Askari wa doria wakafika, wakampandisha mama jukwaani na kumtia pingu.

Hapo ndipo aliposikika vizuri.

"Mjinga wewe! Mkeo amejifungua! Simu mnanyang'anywa huku, nani mwingine angekuletea habari?"

Basi Kifungu akapata habari ya kuwa baba huku ameshika kisu cha mama mkwe ndani ya mfuko wa plastiki, kama kielelezo.

Mwendesha mashtaka hakukubali kuiacha kesi. Ya aina hiyo hajawahi kuipata, na tai mpya alishanunua.

"Mshtakiwa alikutisha?" akamuuliza Kifungu mahakamani.

"Ndiyo."

"Ukaogopa?"

"Mheshimiwa, ninamwogopa tangu siku niliyopeleka posa."

Hakimu akajifanya anakohoa. Kisha akaeleza kwamba vitisho peke yake havitoshi, sharti viuhatarishe usalama wa jukwaa. "Aliyekuwa hatarini hapa ni mkwe wa mshtakiwa," akasema, "na sheria hii haimlindi." Mama akaachiwa.

Kampuni ikampa Kifungu cheti cha ushujaa. Mkewe akakisoma, akakigeuza nyuma, akauliza kama kinaweza kubadilisha nepi. Kila akiwa likizo shujaa alilala sebuleni, akimsikiliza bintiye kupitia mlango uliofungwa.

Jioni moja mama mkwe akamkuta amejikunyata kwenye kochi, sare ya kazi bado mwilini.

"Huko semina hawakuwafundisha kuomba radhi?"

"Haikuwa kwenye ratiba, mama." Akainuka kwenye kochi. "Nisamehe. Nilikuona, na bado nikabonyeza."

Mama akamtazama weee, kicheko kikamponyoka. Akaingia chumbani, akatoka na mtoto, akamweka mikononi mwake.

"Mshike shingo, bado laini."

Akamshika, hathubutu hata kupumua. Mtoto akamkojolea sare, naye akabaki amesimama palepale, anatabasamu mwenyewe.