Tulivyokwenda Ruti Kuomba Leseni ya Nyimbo

Chekeni mkitaka, mimi nimeshazoea, maana pale Juru, kambini kwetu Nakivale, hata watoto wakinipita na baiskeli huniita "bwana harusi", na anayecheka zaidi ni mke wangu. Aibu hii niliitafuta mwenyewe, tena nikiwa nimevaa koti.

Mwaka ule kwaya yetu iliachiwa kompyuta na jirani aliyepata safari ya Amerika, na mimi katibu nikapewa kazi ya kuandika kitabu cha nyimbo za Kifuliru, lugha yetu ya kule Kongo, zile ambazo mama zetu wazee walizijua kwa kichwa tu (tulikuwa tumezika wawili, na kila mmoja aliondoka na nyimbo zake). Ndani ya mashine mlikuwa na programu ya kupanga nyimbo, kazi ya dada mmoja mkimbizi mwenzetu aliyesoma Mbarara, jina lake Riziki. Nilivyoipenda! Ukikosea inakuambia kwa upole kuliko hata mwalimu wa kwaya. Ila kila nikiifungua inanionyesha neno leseni, na jina lenyewe refu limefungwa kwa vistari: Leseni ya Gawa-Kama-Ulivyopewa. Nikaishia hapohapo. Mkimbizi akiona leseni hasomi, anatafuta koti. Kutoka kambini tunaomba ruhusa, kuuza mahindi tunaomba, basi nikasema na hii tukaiombe, tusije tukachapa kitabu halafu tukanyang'anywa.

Nikaambiwa Riziki anaishi Ruti, mtaa wa hukohuko Mbarara, na baba yake. Sasa kwetu huendi kuomba kitu kikubwa kwa binti wa watu bila kupitia kwa baba, wala huendi peke yako, wala mikono mitupu. Nikampigia yule baba simu, nikamwambia kwa adabu kwamba Jumamosi tutakuja, mimi na mzee wangu, tuna neno kuhusu binti yake. (Najua. Msinipigie kelele.)

Tulifika watatu: mimi, Mzee Eliya wa kanisa ambaye ndiye msemaji wetu, na jogoo. Tukakuta viti vimepangwa uani, majirani wamekaa, soda zimejaa meza, na Baba Riziki amevaa suti ya kijivu, uso unang'aa. Nikajiambia, kumbe leseni ni jambo la heshima hivi! Tukala wali, tukala nyama, kwa sababu mgeni mwenye adabu hasemi shida yake kabla ya kula, na kila kijiko kilikuwa kinanizamisha bila mimi kujua.

Mzee Eliya akasimama. "Baba, tumetoka mbali. Huyu kijana wetu alisikia sifa ya mutoto wako, hasinzie, hakule, anasema mpaka tukuye kukuuliza weye."

Baba Riziki akafuta machozi. "Miaka mingi nilikuwa ninaomba Mungu. Batu balikuwa banasema eti mutoto wangu ameolewa na kompyuta. Leo mumebafunga kinywa."

Wamama wakapiga vigelegele, na mimi, mpumbavu, nikapiga makofi. Ndipo Riziki akatoka ndani, akaniangalia kutoka viatu hadi kichwa.

"Kaka, weye ni nani?"

Nikamjibu kwa sauti ya kanisani: "Ni mimi katibu wa kwaya ya Juru, nimekuja kuomba leseni ya programu yako. Hata mke wangu anakusalimia."

Baba Riziki akaketi polepole, na uso wake ulivyoanguka mbele ya majirani zake, niliomba ardhi ipasuke inimeze na koti langu.

Na hapo ndipo nilipomwona mtu mwenye akili na moyo pamoja. Riziki angeweza kutufukuza, angeweza kucheka. Alikwenda akakaa karibu na baba yake, akamshika mkono, akasema wote wasikie: "Baba, hii programu ni miye niliizaa na kichwa yangu. Batu bametoka Nakivale, bamevaa muzuri, banakuya kuiomba kwako. Ni nani hapa Ruti mwenye mutoto wake aliombewa kitu ya namna hii? Ubapatie jibu."

Halafu akanigeukia mimi, akanisomea leseni yake kwa moyo: tumia, badilisha, wagawie wengine kwa uhuru uleule uliopewa, na usimwombe mtu ruhusa. Usimwombe mtu ruhusa! Maisha yangu yote sikuwahi kuambiwa neno hilo na karatasi yoyote. Nikamuuliza na vile vistari. "Nilifunga maneno sawa vile tunafunga kuni," akasema, "mutu asichomoe 'gawa' aache maneno ingine peke yake."

Baba Riziki akanyanyuka, akanyoosha suti. "Nimekubali," akasema, na sauti ilikuwa imerudi. "Lakini kila fasi mutaigawa, museme ilitoka mu nyumba ya nani."

Vigelegele vikapigwa upya, safari hii kwa haki. Ruhusa ile sikuihitaji hata kidogo, lakini niliipokea kwa mikono miwili, nikiwa nimepiga magoti, na ningeipokea hivyo tena. Ila nimeapa: leseni nitaisoma mpaka nukta ya mwisho, na nikifika kwa baba wa mtu, shida yangu nitaisema mlangoni, nikiwa bado na njaa.